Maonesho ya chakula Tabora: Familia ije ile, isiishie kutazama

KILA ifikapo mwanzoni mwa Agosti, familia nyingi za Tabora hutenga siku moja ya kwenda viwanja vya Nane Nane vya Ipuli, mahali ambapo Kanda ya Magharibi hufanyia maonesho yake ya kilimo. Watoto huvalishwa nguo nzuri, nauli ya bodaboda au daladala hutafutwa, na safari huanza mapema kabla jua halijawa kali.

Wakifika, wataona ng'ombe, matrekta, mbegu na mizinga ya nyuki. Wataona pia meza za vyakula vya asili. Katika maonesho mengi nchini, meza hizo hupangwa kwa namna ileile: sahani ndogo ya matobolwa, bakuli la mlenda, uyoga mkavu, karanga, chupa ya asali, kila kimoja na karatasi yenye jina lake. Mgeni rasmi akipita, hupewa maelezo na huonjeshwa. Mama aliyembeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono akipita, huambiwa, "Karibu mama, tazama."

Anatazama, anaondoka. Ikifika saa saba mchana watoto wanalia njaa, na familia inaishia nje ya banda kula chipsi na soda. Jioni wanarudi nyumbani wakiwa wameviona vyakula vya kwao, lakini hawakuvila.

Hapo ndipo maonesho ya chakula yanapopoteza watu wake. Chakula hakijulikani kwa macho. Mtoto hawezi kuipenda mboga kwa sababu amesoma jina lake kwenye karatasi. Ataipenda akiionja ikiwa ya moto, imeungwa vizuri, huku mama au bibi yake akila pembeni yake.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani urefu wao ni mdogo kuliko unavyopaswa kuwa kwa umri wao. Mtoto aliyedumaa hupungukiwa zaidi ya kimo, maana ubongo wake pia huathirika, na athari hizo huonekana darasani na baadaye kazini.

Wataalamu wa lishe wamesema mara nyingi kwamba njaa peke yake haitoshi kueleza tatizo hili. Watoto wengi hushiba, lakini hushiba kitu kimoja: ugali au uji wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Kinachokosekana ni mchanganyiko wa jamii ya kunde na karanga, mboga za majani, matunda na vyakula vinavyotokana na wanyama.

Tabora inavyo vitu hivyo. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, huhifadhika hadi miezi ambayo mboga mbichi ni haba, na ikiungwa kwa karanga huwa mboga yenye protini na mafuta. Misitu ya miombo hutoa uyoga wakati wa mvua, na matunda pori kama mbura, ntalali na matonga. Kuna asali, kuna mtama, na kuna samaki na dagaa wanaofika kwa reli kutoka Kigoma.

Tatizo ni kwamba vyakula hivi vinaanza kuonekana vya kizamani. Mtoto wa mjini anaona aibu kubeba matobolwa shuleni, ilhali mwenzake amebeba biskuti. Maonesho ya chakula ni moja ya nafasi chache ambazo mji mzima unaweza kumwambia mtoto huyo, bila kumhutubia, kwamba chakula cha bibi yake ni kitamu na kina heshima. Nafasi hiyo ikiishia kwenye karatasi za majina, imepotea kwa mwaka mzima.

Mji uliolisha misafara

Tabora ina sababu ya kulifanya jambo hili vizuri kuliko miji mingi. Kabla ya reli, mji huu uliishi kwa kupokea wageni na kuwalisha. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, safari ya kilomita zipatazo 1,200, ilipumzika hapa Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1857, mji ukijulikana kwa jina la Kazeh, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mwaka 1872, Henry Stanley na David Livingstone walikaa pamoja katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ambalo leo ni makumbusho.

Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilipwa pia kwa chakula. Kipimo kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, na chakula hicho cha kila siku kiliitwa posho, neno ambalo leo linatajwa hata bungeni na maofisini. Mkulima wa njiani aliyekuwa na ziada ya mtama au viazi aliuza kwa shanga na nguo. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa juani vilifaa sana kwa safari, kwa kuwa ni vyepesi na havikuharibika upesi. Yapo hata masimulizi yanayosema kwamba jina Tabora lilitokana na neno hilohilo, matobolwa.

Njia hiyohiyo ilileta vyakula vingine. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokaa Unyanyembe walilima mpunga na kupanda miembe, na miembe imebaki kuwa alama ya njia ya misafara hadi Ujiji. Chumvi ilitoka Uvinza, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi karne nyingi kabla ya misafara hiyo. Mawese na migebuka vilitoka Ziwa Tanganyika.

Historia hiyo ndiyo mgeni anayotoka mbali kuja kuitafuta, na ndiyo ambayo mtoto wa Tabora angependa kuisikia. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ila mgeni lazima akute chungu kiko motoni.

Kionjo kidogo, bei ya wazi

Jambo la kwanza la kubadilisha ni ukubwa wa sahani. Mzazi mwenye watoto watatu anaogopa kununua sahani nne za chakula ambacho huenda watoto watakikataa. Tuseme sahani moja ni shilingi 3,000. Hizo ni 12,000 kwa mlo mmoja wa majaribio, na watu wengi hawatathubutu. Lakini kionjo kimoja kikiuzwa shilingi 500, mama na watoto watatu wanaweza kuonja vyakula vitatu tofauti kwa shilingi 6,000. Kama mtoto atakipenda kimoja, sahani kamili itanunuliwa kwa furaha. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Bei iandikwe kwa herufi kubwa, mahali inapoonekana kutoka mbali. Mgeni asiyejua bei hupita bila kuuliza, hasa akiwa na watoto, kwa kuogopa kutajiwa kiasi ambacho hana. Mgeni kutoka nje ya nchi naye huona afadhali arudi hotelini kuliko kubishana. Bei moja kwa wote, iliyoandikwa, inawaondolea wote wasiwasi.

Zawadi ya kuonja bure ina nafasi yake, lakini isiwe mzigo wa mama lishe peke yake. Halmashauri, shule au wafadhili wa maonesho wanaweza kununua vionjo vya watoto mapema na kuwagawia kwa tiketi. Hivyo mtoto anaonja na mpishi hapati hasara.

Chakula kiwe tayari watoto wanapokuwa na njaa

Maonesho mengi hupangwa kwa ratiba ya mgeni rasmi. Hotuba zikichelewa, na chakula nacho kinachelewa. Watoto hawajui itifaki. Mtoto wa miaka mitatu aliyekula uji saa moja asubuhi anahitaji kula tena saa nne au saa tano, na akikosa, ziara ya familia imekwisha.

Inafaa kuanza kuuza uji wa ulezi au mtama saa tatu asubuhi, vitafunwa vya asili kama matobolwa laini, mihogo ya kuchemsha na karanga zilizosagwa saa nne, kisha mlo kamili kuanzia saa sita. Mgeni rasmi atakuta majiko yanawaka na watu wanakula, na hakuna picha nzuri kuliko hiyo.

Vinywaji navyo vichaguliwe. Chai au kahawa ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kutoka kwenye mboga na maharage, na wanawake na watoto wengi nchini wana upungufu wa damu. Juisi ya ukwaju, ubuyu au matunda pori, bila sukari nyingi, inaleta ladha ya Tabora. Matunda yenye vitamini C, kama machungwa na ubuyu, pia husaidia mwili kuyapata madini hayo vizuri zaidi.

Mpishi azungumze

Karatasi yenye maneno "mlenda, chanzo cha vitamini" haimvuti mtu. Kinachomvuta ni mpishi mwenyewe akipika mbele yake na kumweleza: majani haya yalichumwa lini, kwa nini yanawekwa magadi kidogo au hayawekwi, karanga zinaingia saa ngapi, na mama yake alikuwa akiyapika vipi. Mpishi mzee akisaidiwa na kijana anayejua Kiingereza, mgeni wa mbali naye anafaidika. Salamu ya "mwangaluka" mlangoni inatosha kumfanya mtu ajue amefika kwa Wanyamwezi.

Watoto wapewe kazi. Wakiruhusiwa kutwanga karanga kwenye kinu kidogo, kupepeta mtama, au kuchambua kunde, watakaa kwenye banda nusu saa, na mzazi atakaa nao. Mtoto hukubali kwa urahisi zaidi kuonja kitu alichokitwanga kwa mkono wake kuliko alichowekewa mbele yake.

Njia ya misafara inaweza kutoa mpangilio wa viwanja vyote. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mabanda yanaweza kufuata vituo hivyo kwa zamu: wali wa nazi na samaki kwenye banda la Bagamoyo, ugali wa uwele na mlenda kwenye banda la Kilimatinde, matobolwa, nsansa na asali Kwihara, kisha migebuka, mawese na chumvi ya Uvinza Ujiji. Mtoto apewe kadi yenye vituo sita, agongewe muhuri kila anapoonja. Akimaliza, amevuka nchi kutoka baharini hadi ziwani, na amekula makundi yote ya chakula bila mtu kumlazimisha.

Hata hivyo, njia hiyo isigeuzwe mchezo mtupu. Jina lake kwenye orodha ya UNESCO ni njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Waliopita hapo hawakuwa wapagazi wa mshahara peke yao. Wapo waliopita wakiwa wamefungwa, wakila kidogo au wasile kabisa. Watoto wa shule za msingi wanaweza kuelezwa hilo kwa lugha yao, kwa utulivu, kwenye kituo kimoja kisicho na muziki wala biashara. Minyororo ya maigizo na mavazi ya kuchekesha havina nafasi. Familia itakayoondoka ikijua kwamba chakula kilikuwa pia suala la uhai na utu kwenye njia hiyo, itakuwa imejifunza jambo la maana.

Kivuli, maji na choo

Mzazi akimsimulia jirani kuhusu maonesho, kitu cha kwanza anachotaja ni kama palikuwa na mahali pa kukaa. Agosti Tabora ina jua kali mchana na vumbi linalopeperushwa na upepo. Turubai pana, mikeka na viti vichache karibu na majiko vitaongeza mauzo kuliko tangazo lolote la redio. Pawepo kona ya mama kunyonyesha na choo safi chenye maji, ambacho mtoto mdogo anaweza kukitumia bila kuogopa.

Kila banda liwe na maji tiririka na sabuni, iwe ndoo yenye koki au kibuyu chirizi, kabla ya meza na si nyuma yake. Bwana afya awe na nafasi ya kukagua kabla ya ufunguzi. Chakula kilichopikwa kiliwe kikiwa cha moto, na kisikae wazi zaidi ya saa mbili. Nyama mbichi na chakula kilichoiva visitumie ubao mmoja wala kisu kimoja. Sahani zifunikwe kwa kawa, kwa sababu inzi na vumbi havisubiri mnunuzi.

Kwa vyakula vya Tabora, kuna tahadhari nne ambazo kila banda linapaswa kuzijua na kuwaeleza wazazi.

Ya kwanza ni asali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, hata ndani ya uji. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti, vikatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kwa watoto wakubwa na watu wazima wenye afya, vijidudu hivyo havina shida. Tangazo dogo juu ya meza ya asali litaokoa maswali, na pengine maisha.

Ya pili ni karanga. Karanga nzima zinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitano, hivyo wapewe zilizosagwa. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu, yaliyonyauka au kubadilika rangi yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mwaka 2016 sumu hiyo ilisababisha vifo Dodoma na Manyara. Muuzaji achambue mbele ya wateja, na anayenunua aulize.

Ya tatu ni uyoga. Uuzwe na kupikwa na wale wanaoufahamu tu, na watoto waambiwe wazi kwamba wasichume wenyewe porini.

Ya nne ni matobolwa. Yakiwa makavu ni magumu kwa meno ya mtoto mdogo. Yachemshwe tena hadi yalainike, au yapondwe pamoja na karanga. Wakulima wenye viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, wajue kwamba jua kali hupunguza vitamini hiyo. Ni vyema kuanika mahali penye kivuli na upepo.

Kitu cha kupeleka nyumbani

Ziara nzuri haiishii getini. Familia iliyopenda nsansa iweze kununua kifungashio kidogo cha mlo mmoja, chenye maelezo mafupi ya kupika na tarehe ya kufungwa. Chupa ndogo ya asali inauzika kwa mgeni wa ndege na wa treni kuliko dumu la lita tano. Kwa akina mama wa vikundi, mauzo hayo ndiyo faida ya kweli, kwa kuwa mteja aliyepika nyumbani na kufurahia atarudi kutafuta tena.

Watu waliofanikiwa katika jambo hili duniani hawakungoja siku moja ya mwaka. Katika kisiwa cha Barbados, mji wa wavuvi wa Oistins hujaa watu kila Ijumaa jioni, wenyeji na watalii, wakila samaki waliochomwa mbele yao kwenye meza ndefu. Huko Grenada, mji mdogo wa Gouyave nao una Ijumaa yake ya samaki. Karibu na kwetu, Forodhani ya Unguja huwasha taa kila jioni. Maeneo hayo yanafanana katika mambo machache: siku inajulikana, mahali hapabadiliki, chakula kinapikwa ukiona, na mtu anakaa akale.

Tabora inaweza kuanza na Jumamosi moja ya kila mwezi, ikifuata mavuno: maembe na uyoga wakati wa mvua, asali mpya, karanga na matobolwa wakati wa kiangazi. Hata kijiji hakihitaji kungoja bajeti ya mkoa. Tayari ipo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, ambapo watoto hupimwa uzito na akina mama hufundishwa mapishi. Sufuria ya maonesho ikiwa kubwa kidogo, bibi wawili wakialikwa kupika walichokula utotoni, na baba zao wakaitwa nao waje kula, siku ya kupima uzito inakuwa siku ambayo watoto wenyewe wanaisubiri.

Mzazi naye ana sehemu yake. Kabla ya kwenda maonesho, akubaliane na watoto kwamba kila mmoja ataonja angalau chakula kimoja asichokijua. Akikikataa, asigombezwe, maana watoto wengi huhitaji kuonja kitu mara nyingi kabla ya kukizoea. Akikipenda, kipikwe nyumbani wiki hiyohiyo, ladha ingali mdomoni.